Waraka kwa Mzee Roger Penske juu ya msimu wa 1996

Kwako Bwana Roger Penske,
Uwanja wa Mbio wa Indianapolis,
Indiana, Marekani.



Nimeona nikuandikie hadharani kwa sababu jambo lenyewe lilifanyika hadharani, na kwa sababu katika wote waliohusika nalo wewe ndiye uliyebaki na funguo. Nazungumzia msimu wa 1996, msimu ambao mbio za magari ya magurudumu wazi za Marekani zilipata bingwa mmoja upande huu na mabingwa wawili upande ule, na Jumapili moja ya mwezi Mei zikakimbizwa mbio mbili za maili 500, Indianapolis na Michigan, katika majimbo mawili yanayopakana.

Siku ile, tarehe 26 Mei 1996, uwanja wa Michigan ulikuwa mali yako. Leo uwanja wa Indianapolis ni mali ya kampuni yako. Mlitangaza kuununua Novemba 2019, pamoja na mashindano yenyewe ya IndyCar, na Januari 2020 mauziano yakakamilika. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuzimiliki nyumba zote mbili za ugomvi ule. Ndiyo maana barua hii haiendi kwa Tony George, ambaye Indianapolis ilikuwa ya ukoo wake wakati ule, ingawa yeye naye yamo ndani humu yanayomhusu.

Baadhi ya wasomaji wangu wanalijua soka kuliko mbio hizi, kwa hiyo niruhusu niwaeleze kidogo. Gari ni la kiti kimoja, na magurudumu yake manne yamejitokeza pembeni bila bodi ya kuyafunika. Yakigusana gurudumu kwa gurudumu, moja linaweza kuruka hewani. Mbio kubwa kuliko zote ni za Indianapolis, zilizoanza 1911: mizunguko 200 ya uwanja wa maili mbili na nusu, yaani kilomita 800 na ushei. Wanaanza madereva 33, watatu watatu, safu 11. Na kwa miaka mingi kanuni ya kupata nafasi ilikuwa nyepesi kiasi kwamba hata mtoto aliielewa: njoo Mei, zunguka mara nne ukiwa peke yako uwanjani, na mwendo wako ndio utakaokuingiza au kukutoa.

Wewe unaijua kanuni hiyo kwa utamu wake na kwa uchungu wake. Mwaka 1994 ulileta injini ya Mercedes iliyotengenezwa kwa siri kubwa, Al Unser Jr. akaanza wa kwanza na kumaliza wa kwanza. Mwaka uliofuata ukarudi na Unser huyohuyo pamoja na Emerson Fittipaldi, watu wawili ambao kila mmoja alikuwa ameshashinda Indianapolis mara mbili, na wote wawili wakashindwa kufuzu. Timu iliyotwaa kombe Mei iliyotangulia ikabaki nje ya uzio. Hapakuwa na kiti cha heshima kwa bingwa mtetezi, na haikupasa kiwepo. Mimi nauona mwezi huo wa Mei 1995 kuwa ushahidi bora kabisa wa ukuu wa mbio zile, kwa maana kama hata Penske anaweza kuachwa nje kwa sababu ya mwendo, basi mtu yeyote anayeingia ameingia kwa haki.

Miezi michache baadaye kanuni hiyo ikavunjwa, na si wewe uliyeivunja. Nataka kuwa mwadilifu hapa.

Chimbuko lake ni la zamani. Mwaka 1978 Dan Gurney aliwaandikia wenzake, wenye timu, waraka mkali kwamba wao ndio wanaobeba gharama zote huku chama cha USAC kikiendesha mbio kana kwamba wao ni vibarua. Wewe na Pat Patrick mkauitikia, na chama chenu cha wenye timu, CART, kikazaliwa. Mwaka 1979 USAC ikakataa maombi ya timu sita za upande wenu kuingia Indianapolis. Mlikwenda mahakamani, hakimu akaamuru mfunguliwe, mkaingia, na Rick Mears akashinda akiwa kwenye gari lako. Sijaona ushindi wa mahakamani uliothibitishwa uwanjani haraka kama ule.

Miaka iliyofuata CART ilistawi. Ilikimbia kwenye viwanja vya mviringo, kwenye barabara za mijini na kwenye njia za milimani. Mwaka 1993 Nigel Mansell aliacha Formula 1 akiwa bingwa wa dunia, akaja kuchukua ubingwa wenu kwa jaribio la kwanza. Lakini Indianapolis haikuwa mali ya CART. Ilikuwa ya ukoo wa Tony Hulman, aliyeununua uwanja ule mwaka 1945 ukiwa magofu baada ya vita, na mjukuu wake, Tony George, hakupenda kuona wenye timu wakiamua kila kitu: gharama, magari, kalenda. Alisema vijana wa Kimarekani waliokulia kwenye viwanja vidogo vya udongo hawapati tena njia ya kufika Indianapolis. Hilo halikuwa neno la kubuni. Jeff Gordon alilelewa kimbio huko huko Indiana, akaenda zake kwenye mashindano mengine ya magari, NASCAR, na Agosti 1994 akashinda mbio za kwanza za NASCAR kwenye uwanja wa Indianapolis. Kijana aliyepaswa kuwa wenu alishangiliwa nyumbani kwenu akiwa ndani ya gari la wengine. Ninyi wa CART mlikuwa na miaka mingi ya kulijibu swali hilo, na hamkulijibu.

Mwaka huohuo wa 1994 George akatangaza ligi yake, Indy Racing League, ianze 1996. Na katikati ya 1995 ikaja kanuni iliyovunja kila kitu: nafasi 25 kati ya 33 za Indianapolis zitengwe kwa ajili ya wanaoongoza kwa pointi za ligi hiyo, nane zilizobaki zigombewe na wengine wote. Alihofu kwamba timu kubwa zitazipuuza mbio zake ndogo kisha zije Mei kuvuna. Hofu ilikuwa na msingi, dawa ilikuwa mbaya. Kwa kalamu moja mwendo ukaacha kuwa hakimu pekee. Mlikuwa na kila haki ya kukasirika, na mimi ningekasirika pamoja nanyi.

Ila hasira ina matumizi mengi, Mzee. Mwaka 1979 mlango ulifungwa kabisa, nanyi mkapigania kuingia. Mwaka 1996 mlango uliachwa wazi kwa robo isiyotimia, mkaondoka. Nane si 33, nakubali. Lakini fikiria nafasi nane zikigombewa na madereva wenu, Unser, Andretti, Rahal, Fittipaldi, Vasser na Zanardi, mbele ya umma uliojaa majukwaani, huku wa polepole kuliko wao wakiwa wamekaa kwenye viti vilivyotengwa. Hakuna hoja mliyowahi kuitoa ambayo ingelishinda tukio hilo. Kanuni ile isingeishi miaka miwili. Badala yake, Desemba 1995 mkatangaza mbio zenu wenyewe, U.S. 500, kwenye uwanja wako wa Michigan, siku ileile.

Hapo ndipo nisipoweza kukutetea. Kalenda ina Jumapili 52. Mngeweza kukimbia Jumamosi, au wiki moja kabla, au Juni. Mlichagua Jumapili ya wikiendi ambayo kwa Wamarekani wengi ni ya kuwakumbuka waliokufa vitani na ya kusikiliza Indianapolis, mkamwambia kila shabiki achague. Na mlipokwisha kuondoka Indianapolis mkaiiga: kule Michigan mlizoea kuanza wawili wawili, siku ile mkapanga magari watatu watatu, na mshindi mkamwandalia dola milioni moja.

Kabla ya kufika Jumapili hiyo, naomba tusimame kidogo kwa Scott Brayton.

Brayton alitoka Coldwater, Michigan, si mbali na uwanja wako, na alikuwa na umri wa miaka 37. Mei ile alikuwa amekwisha kufuzu kwa gari moja, nafasi yake iko salama. Saa za mwisho za siku ya kwanza ya kufuzu akaliondoa gari hilo kwenye orodha, akaupoteza mwendo wake kwa hiari, akaingia na gari jingine kutafuta nafasi ya kwanza. Angeweza kupoteza yote. Akazunguka kwa wastani wa maili 233.718 kwa saa, zaidi ya kilomita 376, akawa wa kwanza kwa mwaka wa pili mfululizo. Tarehe 17 Mei, katika mazoezi, tairi la nyuma likaishiwa upepo, gari likagonga ukuta, akafa. Danny Ongais, mwenye miaka 54, akapewa gari ambalo Brayton aliliweka mbele; kwa kanuni likaanza la mwisho kabisa, naye akalifikisha nafasi ya saba.

Sisemi kwamba ugomvi wenu ndio uliomuua Brayton. Nasema kwamba mtu yule alifanya jambo la ujasiri mkubwa kuliko yote ya mwezi ule, na walioweza kulipima vizuri zaidi, madereva aliokimbia nao miaka mingi, walikuwa wakipanga vifaa vyao kwenda kwenye mbio nyingine. Na nchi iliyopaswa kumzungumzia yeye ilikuwa ikizungumza nani ana mastaa na nani hana.

Arie Luyendyk naye. Mei ile alizunguka mara nne kwa wastani wa maili 236.986 kwa saa, mwendo wa kufuzu ambao hadi leo haujavunjwa na mtu yeyote pale Indianapolis. Kwa sababu gari lake la siku ya kwanza lilikutwa na uzito pungufu na mwendo wake wa kwanza ukafutwa, alianzia nafasi ya 20. Katika wote 33 ndiye pekee aliyewahi kushinda mbio zile. Rekodi kubwa kuliko zote za uwanja wako wa leo iliwekwa katika mwaka ambao ulikuwa hauukanyagi.

Basi ikafika Jumapili. Indianapolis wakaanza madereva 33, na 17 kati yao walikuwa hawajawahi kukimbia pale. Walidharauliwa sana kwa hilo. Kijana Tony Stewart aliongoza mwanzoni mpaka injini ikamfia. Mwishoni wakabaki Davy Jones, Alessandro Zampedri na Buddy Lazier wakipokezana uongozi, na Lazier akampita Jones ikiwa imesalia mizunguko minane. Lazier huyu alikuwa amevunjika mgongo Phoenix mwezi Machi. Aliendesha saa tatu na ushei kwenye kiti kilichoongezewa mito ya kumlinda, na alipomaliza ilimwia shida hata kushuka. Nyuma yake, kwenye kona ya mwisho ya mzunguko wa mwisho, magari matatu yaligongana. La Zampedri likaruka kwenye uzio, na miguu yake ikaumia vibaya sana. Aliyethubutu kuziita hizo mbio za watu wa daraja la pili hakuwa anatazama.

Michigan, kwenye mwanzo wa kwanza bendera ya kijani haikuwahi hata kupepea. Jimmy Vasser, Adrian Fernández na Bryan Herta walikuwa safu ya mbele. Wakiukaribia mstari wakagusana, na gari baada ya gari likaingia kwenye vurugu hiyo, kiasi cha dazani. Madereva waliotangazwa kuwa bora kuliko wa Indianapolis walishindwa kufika mstari wa kuanzia. Mbio zikasimamishwa, mafundi wakatoa magari ya akiba, ikachukua muda mrefu kabla ya kuanza upya. Vasser, akiwa kwenye gari lake la akiba, akashinda. Sikumbushi hilo kwa kukucheka, Mzee. Ajali inaweza kumpata yeyote, na safu za watatu kwenye uwanja usiozoea hivyo ni hatari. Nakumbusha kwa sababu mwaka mzima kila upande ulikuwa ukijitapa kwa ubora, na katika siku moja pande zote mbili zikapata jibu: wanyonge wakakimbia vizuri, mahodari wakagongana.

Sasa ubingwa. Ligi ya George ilikuwa na mbio tatu tu msimu ule: Orlando, kwenye uwanja wa Walt Disney World, Januari, Phoenix, Machi, kisha Indianapolis. Pointi za dereva zilizidishwa kwa idadi ya mbio alizoshiriki. Mwishoni Buzz Calkins na Scott Sharp wakalingana, 246 kwa 246, na kanuni hazikuwa na kifungu cha kuwatenganisha. Calkins alikuwa ameshinda Orlando, Sharp hakuwa ameshinda hata mara moja. Wakatangazwa mabingwa wote wawili. Ligi iliyoanzishwa ili kurudisha utaratibu Indianapolis ilifika mwisho wa msimu wake wa kwanza bila utaratibu wa kumjua bingwa, na Bwana George, kama barua hii itamfikia, naomba alisome hili polepole. Calkins alikuwa kijana. Alistahili kushinda au kushindwa.

Na ligi ile, iliyojinadi kwa unafuu wa gharama, iliendesha msimu huo kwa magari yaleyale ya CART ya miaka iliyopita. Hata rekodi ya Luyendyk iliwekwa na Reynard la 1995, gari lililoundwa kwa ajili ya mashindano yaliyokuwa yakilaumiwa.

Upande wenu kulikuwa na mbio 16, na zilikuwa nzuri kweli. Vasser alishinda nne kati ya sita za mwanzo, hakushinda nyingine, akatwaa ubingwa kwa pointi 154. Mmarekani kutoka California: hoja ya George kwamba CART haina nafasi ya Wamarekani ikajibiwa na jedwali. Michael Andretti alishinda mbio tano, akamaliza na pointi 132 sawa na Alex Zanardi, Mtaliano aliyekuja akiwa hana jina kubwa. Mzunguko wa mwisho wa mbio za mwisho, Laguna Seca, Zanardi alimpita Herta mahali ambapo njia inaporomoka kilimani kwa kona mbili za ghafla, mahali ambapo hapapitwi mtu. Alitoka nje ya lami, akarudi, akawa mbele. Timu yako haikushinda hata mbio moja msimu huo, na sitasema zaidi.

Lakini msimu huo ulikuwa na makaburi yake. Julai, Toronto, Jeff Krosnoff aligusana gurudumu na gari jingine, likaruka, likagonga uzio na nguzo. Akafa yeye na msimamizi wa kujitolea aliyekuwa kazini pembeni ya barabara. Wiki mbili baadaye, kwenye uwanja wako wa Michigan, Fittipaldi alivunjika shingo mzunguko wa kwanza, na huo ukawa mwisho wake kwenye magari hayo. Vifo na majeraha hayakuchagua kambi. Kambi ndizo zilizochagua kutokaa pamoja hata kwenye mwaka wa namna hiyo.

Ninapowaza gharama halisi ya uamuzi wenu, simwazii mwenye timu wala mwenye uwanja; wote mlipata njia ya kuendelea. Namuwaza Vasser, ambaye mwaka wake bora kuliko yote uliangukia katika mwaka ambao mlango wa Indianapolis haukupitwa na wengi wa upande wake, na ambaye akiwa dereva hakuishinda kamwe. Namuwaza Andretti, aliyeongoza mizunguko 431 pale bila kushinda hata mara moja, na ambaye kuanzia 1996 hadi 2000, akiwa kwenye miaka yake ya nguvu, hakuonekana kule. Aliporudi 2001 akamaliza wa tatu. Na namuwaza Greg Moore wa Canada, aliyeanza CART msimu huohuo wa 1996 akiwa na miaka 20 hivi. Wewe mwenyewe ulikuwa umeshamsajili kwa mwaka 2000. Alikufa Fontana, Oktoba 1999, mwenye umri wa miaka 24, hajawahi kuanza mbio za Indianapolis. Kiti ulichomwekea akakipata Hélio Castroneves, naye mwaka 2001 akakushindia Indianapolis, mwaka uliporudi. Nilifurahi ushindi ule. Nilijiuliza pia ni ushindi kiasi gani wa namna hiyo uliokwisha kupotea ninyi mkisubiriana kuomba radhi.

Mengine yanajulikana. Chip Ganassi alirudi Indianapolis kabla yako, 2000, akashinda na Juan Pablo Montoya. Mwaka 2002 ukahamishia timu yako yote kwenye ligi ya George, na CART uliyoizaa haikumaliza 2003 bila kufilisika. Februari 2008 vilivyobaki vikaunganishwa. Katika miaka hiyo NASCAR ilikula meza nzima.

Ningeishia hapo kama historia ingeishia hapo. Lakini Septemba 2024 mashindano yako yalitangaza hati za ushiriki kwa timu, kuanzia msimu wa 2025: kila gari lenye hati lina nafasi iliyohakikishwa katika mbio za msimu. Hati hizo ni ngapi, Mzee? Ni 25. Wahenga ni wakali kuliko mimi, nao walisema mkuki kwa nguruwe. Nafasi 25 za Tony George zilikuwa dhulma ya kuhamia Michigan. Nafasi 25 za Roger Penske ni utulivu wa biashara.

Najua jibu lako, na ni jibu la kweli: hati hizo hazigusi Indianapolis. Nafasi 33 za Mei bado zinapatikana kwa mwendo. Nalishukuru hilo kwa moyo wote, nami nakupa ushahidi wa thamani yake uliotokea mara moja. Mei 2025 timu ya Prema, ngeni kabisa, isiyo na hata hati moja, ilimleta Robert Shwartzman, dereva ambaye hakuwa amewahi kukimbia kwenye uwanja wa mviringo, akashika nafasi ya kwanza Indianapolis. Tangu Teo Fabi mwaka 1983 hakuna mgeni aliyewahi kufanya hivyo. Wikiendi hiyohiyo magari yako mawili, la Josef Newgarden na la Will Power, yalikutwa na kifaa kilichorekebishwa kinyume cha kanuni, yakapelekwa mwisho wa msafara, nawe ukawaachisha kazi wakuu watatu wa timu yako. Ulifanya lililopasa. Lakini tazama wikiendi ile ilivyokuwa: asiye na hati mbele kabisa, mwenye uwanja nyuma kabisa, na kilichoamua ni saa na mizani. Hayo ndiyo tuliyonyimwa 1996.

Sasa haja zangu, nazo ni mbili.

Ya kwanza: wakaribishe Buddy Lazier na Jimmy Vasser Indianapolis siku ya mbio, pamoja, wakiwa na magari waliyoshinda nayo 26 Mei 1996, wapewe mzunguko mmoja mbele ya watu. Na wewe usimame kwenye kipaza sauti ueleze kwa nini mliichagua siku ile. Maelezo ya Tony George tumeyasikia na tumeyapinga mara nyingi. Yako tunayahitaji yatoke kwako mwenyewe, katika uwanja ule, na si kwa wasemaji. Kama ungali unaamini ulikuwa sahihi, sema hivyo. Wengi wetu tutakuheshimu zaidi kwa kusema kuliko kwa kunyamaza. Calkins na Sharp nao waitwe.

Ya pili ni nzito zaidi. Ahadi kwamba hati hazitagusa mbio za Mei leo inakaa ndani ya makubaliano kati yako na wenye timu, na wenye timu ni watu walewale ambao biashara yao ingepata faraja kubwa kama nafasi ya Indianapolis ingehakikishwa. Mdhamini anapenda uhakika. Siku moja gari la timu tajiri litashindwa kufuzu, kama yako mawili ya 1995, na mtu atapendekeza kistaarabu kabisa kwamba wenye hati wapewe nafasi 25 na wengine wagombee nane. Hesabu hiyo umeshaiona. Naomba iandikwe ndani ya kanuni za mbio zenyewe, kwa maneno ambayo mwenye uwanja ajaye hataweza kuyabadilisha kwa kikao cha faragha, kwamba nafasi zote 33 ni za mwendo, bila hata moja kutengwa. Mkataba wa hati unafika mwisho wa 2031, na mazungumzo ya unaofuata yataanza mapema kuliko hapo. Kifungu hicho kiandikwe sasa, wakati uamuzi ungali wako.

Nakutakia afya njema, na Mei yenye hewa safi.

Wako kwa heshima,
Mpenzi wa mbio za magari